Kazi na dawa: maneno kwa wanaoingia wodini

Jumamosi iliyopita chama cha wanafunzi wa udaktari hapa Mbeya kiliniita nizungumze na mwaka wa tatu wanaoanza roteshoni, yaani zamu za kujifunzia wodi kwa wodi. Wakubwa wao wa mwaka wa nne na wa tano wengi hawakufika kwa sababu walikuwa koli, zamu ya kukesha hospitalini, na tangu siku hiyo wananitumia ujumbe wakitaka kujua nilisema nini. Haya, hotuba yote hii hapa kama nilivyoisema. Nimeruka tu zile dakika kumi umeme ulipokatika tukabaki tunasimuliana gizani, maana mengine ya gizani hayaandikiki.

* * *

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Sista, najua umetoka zamu ya usiku na bado umekuja. Shikamoo, na pole kwa kazi. Wadogo zangu wa mwaka wa tatu, mambo vipi?

Hiyo "poa" yenu ina nguvu. Itunzeni. Nitawauliza tena mwezi wa saba mkiwa katikati ya upasuaji, tuone itatokaje.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliomba nizungumzie namna ya kufaulu roteshoni. Nikamwambia hapana. La kufaulu walimu wenu wanalijua kuliko mimi, na mimi mwenyewe nina sapu moja, mtihani wa kurudia, kwenye historia yangu ambayo mwalimu mmoja hapa mbele anaikumbuka vizuri, naona anatabasamu. Nikamwambia nitazungumzia jioni. Akauliza, "Jioni ipi, dada?" Nikamjibu kwamba swali lake ndilo hotuba yenyewe.

Nani kati yenu amewahi kumwona mwanafunzi wa wodini akiwa na jioni? Nyoosheni mikono. Mmoja. Wewe unasoma udaktari kweli, au umesindikiza mtu?

Tuna msemo wetu wa utani, kazi na dawa. Fundi akishuka kwenye paa akaagiza soda baridi, anasema kazi na dawa. Dereva wa lori akiegesha Uyole akala nyama choma, kazi na dawa. Kila mtu nchi hii anajua kwamba kazi ina dawa yake. Sisi peke yetu tumeichukua kazi, na dawa yote tumewaachia wagonjwa.

Nianze na siku yenyewe ilivyo, asije mtu akasema hakuambiwa.

Unaamka saa 11 alfajiri. Mji huu uko juu, meta 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba maji ya bombani yanauma kama yana meno. Mimi mtoto wa Makete sikuwa na shida sana, kwetu ni baridi kuliko hapa. Lakini mwenzangu wa geto alitoka Tanga. Huyo alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe mpaka mgonjwa mmoja akamuuliza kwa upole kama naye amelazwa. Saa 12 uko wodini unapima presha, mapigo na joto la wagonjwa wako kabla wakubwa hawajafika. Saa 1 na nusu ripoti ya asubuhi: intani aliyekesha, yule daktari aliyehitimu juzi, anasoma nani kaingia, nani katoka, nani kafariki. Saa 3 raundi. Raundi ikiisha kuna kliniki, au darasa, au mwalimu amesema mkutane naye kitandani namba fulani, halafu hatokei. Jioni unaklaki wagonjwa wapya: kaanza kuumwa lini, kaanzia wapi, nyumbani wako wangapi, maji wanachota wapi. Usiku, kama uko koli, unabaki. Kama huko koli, logibuku, lile daftari la kazi za kusainiwa na wakubwa, inakutazama. Na saa 5 usiku, ukiwa umevuta blanketi, kundi la WhatsApp linalia: "Kesho raundi ni mapema, saa 12 na nusu asubuhi."

Hiyo ndiyo siku. Sijaongeza chumvi. Walimu, nimeongeza? Hawajibu.

Sasa niwasimulie raundi moja. Nilikuwa medisini, magonjwa ya ndani, wodi ya wanaume, mwaka wa tatu kama ninyi. Nilikuwa nimekesha na intani mpaka saa 9 usiku, nikajikunja kwenye benchi kwa muda wa saa mbili hivi, nikanawa uso, nikaingia raundi kubwa. Kitanda cha mwisho kilikuwa dirishani. Ninyi mnalijua jua la saa 4 la Mbeya mwezi wa saba, lile linalokutoa baridi mifupani taratibu kama mtu anakuvua viatu. Nikaegemea ukuta kidogo. Kidogo tu. Nilichosikia baadaye ni faili likitua ndani ya bakuli la uji wa mgonjwa.

Nililala nimesimama, wadogo zangu, kama kuku juu ya kichanja.

Mzee mwenye uji wake akasema, "Mwacheni mtoto alale, mimi siendi popote." Bingwa wetu hakucheka. Akaniomba nitaje sababu za ini na bandama kuvimba. Nikataja mbili, kichwa kikawa cheupe, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Malale." Wodi nzima ikaangua kicheko, mpaka walio kwenye dripu. Jambo lenyewe ni kwamba jibu lilikuwa sahihi, malale huvimbisha vyote viwili. Sikuwa nimelijua. Nilikuwa naungama.

Hilo la kuchekesha. La pili halichekeshi.

Miezi michache baadaye nilikuwa wodi ya watoto. Usiku tena, na mchana wake nilikuwa sijalala. Nikampima mtoto wa miaka mitatu na nusu, kilo 15. Nikaandika 51. Mnajua dozi za watoto zinapigwa kwa kilo. Paracetamol peke yake, kwa miligramu 15 kwa kilo, kilo 15 ni miligramu 225. Kilo 51 ni 765. Sasa weka dawa nyingine hapo, iliyo kali zaidi, mfikirie wenyewe. Sikuwa mvivu, na hesabu naijua. Macho yaliona 15, mkono ukaandika 51, na kichwa kilichokuwa katikati hakikuwepo kazini.

Muuguzi aliyeliona kosa lile yuko humu ndani. Ni yule niliyemwamkia. Hakunigombeza. Aliniwekea faili mezani akaniuliza, "Daktari, huyu mtoto wa kilo 51 yuko wapi, nimsalimie?" Nililia chooni. Sista, leo ndiyo nakwambia.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha kazi fupi kwenye jarida la Nature. Waliwakesha watu, siku nyingine wakawapa pombe watu walewale, wakalinganisha utendaji wao kwenye jaribio moja. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 24, kama asilimia 0.10, na hapo dereva karibu kila nchi anakamatwa. Ukiamka saa 11 alfajiri, saa 17 zinatimia saa 4 usiku. Saa 4 usiku mwanafunzi wa koli yuko wapi? Ndiyo kwanza anaanza kuklaki mgonjwa wa tatu.

Tungemwona mwenzetu anayumba na harufu ya ulanzi wodini, tungemtoa. Huyu wa usingizi tunamsifu. "Anajituma."

Sifa hiyo ilitoka wapi? Nilipokuwa intani nilisoma habari za bwana mmoja, nikaacha kujilaumu kwa siku nzima. Anaitwa William Halsted, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Utaratibu wa daktari mwanafunzi kuishi hospitalini na kuwa kazini usiku na mchana kwa miaka, kwa sehemu kubwa tumeurithi kwake. Hakupenda hata vijana wake waoe, ingawa yeye alimwoa mkuu wa wauguzi wa chumba chake cha upasuaji. Tena zile glavu za mpira mnazovaa aliagiza zitengenezwe kwa ajili ya mikono ya huyo mama, iliyokuwa inababuka kwa dawa za kuua vijidudu. Kwa hiyo mapenzi yalimsaidia, ila wengine aliwanyima.

Lakini sikilizeni hili. Mwaka 1884 Halsted alianza kujichoma kokeini akiichunguza kama dawa ya ganzi. Ikamnasa. Wakajaribu kumtibu, akaishia kwenye mofini, na hiyo alikwenda nayo miaka mingi sana. Yaani mtu aliyetuwekea kipimo cha daktari asiyechoka, damu yake mwenyewe haikuwa imetulia. Halafu wewe, binti wa Chunya uliyekula viazi na chai ya rangi, unajiuliza kwa nini huwezi kwenda kama yeye!

Haya, tusimwache Halsted peke yake. Hospitali hiyohiyo, miaka hiyohiyo, alikuwapo William Osler, na huyu ndiye aliyewatoa wanafunzi darasani akawapeleka kitandani kwa mgonjwa. Roteshoni zenu ni mjukuu wake. Osler naye alichapa kazi, lakini aliwashauri wanafunzi wasome nusu saa kila usiku kabla ya kulala, vitabu visivyo vya kazi. Aliwaandikia orodha ya vitabu 10, hakuna hata kimoja cha kiada. Na alikuwa mtu wa mzaha: alijitungia jina la daktari wa uongo, akawa anaandikia majarida mambo ya kipuuzi kwa jina hilo. Mimi nikiambiwa nichague babu kati ya hao wawili, sisiti.

Basi nifike kwenye lile nililokuja kusema, ni moja tu. Wadogo zangu, tafuta mahali ambapo hakuna anayekuita daktari. Nikisema mahali sina maana ya godoro. Kulala ni deni la mwili, utalilipa utake usitake, hata kwa kusimama. Nasema mahali penye watu, unapofika mara moja kwa wiki, na hapo hujui kitu, huulizwi kitu, na koti jeupe hawajawahi kuliona.

Una mahali?

Mimi pangu palikuwa saluni ya kusuka, Mwanjelwa, ndani kidogo kutoka sokoni. Nilikwenda mara ya kwanza kusukwa twende kilioni, kwa sababu ndio mtindo wa bei nafuu na ndio unaovumilia kofia ya upasuaji. Mvua ikanyesha, ile ya mwezi wa pili isiyo na adabu, nikakwama. Anti mwenye saluni akanitazama nimekaa bure akasema, "We mtoto, shika hizi rasta unipasie." Nikashika. Mvua ikaisha, nikaendelea kushika. Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Waliniuliza mara moja tu natoka wapi. Nikasema Makete. Basi, jina likawa Makete, na wakahitimisha kwamba nimekuja kujifunza biashara, maana Mkinga haji Mwanjelwa bure. Sikuwabishia. Nilisema nasoma chuo, hawakuuliza chuo gani. "Makete, mechi hii nywele na hii." "Makete, umevuta sana, unataka kumng'oa mtu kichwa?" Kwa miezi nilikuwa mtu mjinga kuliko wote ndani ya chumba kile, na nilikuwa nafurahi kama mtoto. Walizungumza mume wa nani karudi, kodi ya fremu, bei ya mchele wa Kyela na wa Mbarali na upi unachambuka, nani kaonekana na nani Kabwe. Hakuna aliyesema neno kreatinini, kile kipimo cha figo.

Watu nikiwasimulia hivi hungoja niseme kwamba kusuka kulinisaidia kushona majeraha. Kwamba vidole vililegea, nikawa hodari chumba cha upasuaji. Hapana! Hakukunisaidia chochote. Kushona nilijifunza kwa kushona. Kusuka ilikuwa ni kusuka, na utamu wake ndio huo, kwamba hakukuwa na mtu wa kunisainia.

Si lazima iwe saluni. Mwenzangu wa Tanga, yule wa sweta, alikuwa golikipa wa madereva wa bajaji, Jumapili jioni, kiwanja cha vumbi kule Ilomba. Walimfunga sana. Darasani kwetu kulikuwa na kaka mmoja ambaye hakukosa mechi ya Prisons uwanja wa Sokoine, hata zile za watazamaji wa kuhesabika. Alikuwa anatusimulia msimu wa 2013/14, Mbeya City walipopanda daraja na kumaliza wa tatu, kama mtu anayesimulia harusi yake. Mwingine kwaya. Mwingine alikuwa na matuta manne ya mboga nyuma ya nyumba aliyopanga, anatoka koli anakwenda kuyatazama tu.

Zipo burudani ambazo hazikupumzishi, nazitaja haraka kwa sababu mnazijua. Mkeka wa kubeti: ukiuweka, raundi nzima akili iko kwenye mechi ya nchi ambayo huwezi kuionyesha kwenye ramani. Simu kitandani mpaka saa 7 usiku. Na pombe ya kumaliza roteshoni, ambayo mwanzo ni ya kumaliza roteshoni, baadaye ni ya kumaliza wiki, halafu ya kumaliza siku. Nimezika rafiki kwa hiyo ya tatu. Siendelei hapo.

Na hela? Nasikia mguno nyuma. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata yote, inakuja kwa mkupuo, inaondoka kwa mkupuo. Lakini mshukuruni Mungu mnasomea mji wa chakula. Parachichi, ndizi, maharage, viazi. Kuna wenzenu Dar es Salaam wananunua parachichi moja kwa hela ambayo hapa unapewa fungu na salamu juu. Nunueni mtungi mdogo wa gesi, pikeni wawili wawili. Kupika nako kumo.

Sasa niseme lile ambalo nilikuwa naliogopa nikiwa njiani kuja.

Kulikuwa na mzee wa Rungwe, nilimklaki mimi mwenyewe, akakaa wodini kwetu wiki kadhaa. Siku ya kwanza nikajidai najua Kinyakyusa, nikamwambia, "Ugonile." Akanitazama kwa muda, akasema, "Hiyo ni ya rika lako. Mtu kama mimi unamwambia mugonile." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya asubuhi. Kabla sijagusa mkono wake kupima mapigo, nimsalimie sawasawa, naye ananikosoa sauti. Alinifundisha kushukuru, ndaga fijo, na akakataa kunifundisha matusi, ingawa nilimwomba.

Jumapili moja nikapumzika. Jumatatu saa 12 nikaingia, nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda chake na salamu yangu mdomoni. Shuka mpya. Mtu mwingine amelala. Hakuna aliyeniambia, na kwa nini waniambie? Mimi ni mwanafunzi tu. Jina lake lilisomwa saa 1 na nusu, katikati ya majina mengine. Saa 3 raundi ikaanza. Nikamwasilisha mgonjwa mpya wa kitanda kile, umri, jinsia, malalamiko, na niliulizwa maswali nikajibu yote. Siku hiyo nilisifiwa.

Wadogo zangu, hilo litawakuta. Hakuna somo lake kwenye ratiba. Litawakuta Jumatatu, na Jumanne kuna jaribio.

Jioni nikafungua kitabu, Sista akapita, akakifunga. Alisema maneno matatu, "Leo usisome kabisa," akanitoa nje ya wodi kwa kunishika kiwiko. Sikwenda geto. Nilipanda daladala nikashuka Mwanjelwa, na haikuwa Jumamosi. Anti akaniona mlangoni. Hakuuliza. Alisogeza watu kwenye benchi, akanipa chanuo, akaniwekea mbele mtoto wa shule mwenye nywele kipilipili zilizofungamana, akasema, "Makete, huyo fumua taratibu." Ilinichukua saa mbili. Mtoto alisinzia kichwa kikiwa magotini pangu.

Sikupona siku ile. Sijui hata kama kuna kupona. Lakini kesho yake niliweza kuingia wodini, na kitanda kile nilikisalimia.

Jamani, msinyamaze hivyo. Niwape ya Ngosi.

Mwaka wa nne, baada ya mitihani, tulikwenda Ziwa Ngosi tukiwa tisa. Kama hujafika, ni aibu, ni njia ya Tukuyu hapo tu. Unapanda msituni, utelezi, mianzi, migomba mwitu, mpaka unasimama ukingoni na chini kabisa unaona maji ya kijani ndani ya shimo la volkano, yametulia kama yanakusikiliza. Wazee wana hadithi za joka humo. Kabla ya kuanza kupanda tulipeana sheria moja, kwamba atakayetaja ugonjwa, dawa, mwalimu au mtihani analipa faini ya shilingi 500. Mweka hazina alikuwa kaka wa Prisons, hana huruma.

Dakika ya tano mtu akasema, "Hii hewa ni nzuri kwa wenye pumu." Mia tano. Mwingine akalalamika kwamba hiyo si haki, pumu ni neno la kawaida. Mabishano yakamtoa neno bronkasi. Mia tano. Tulikwenda kilometa nzima bila mazungumzo, ndipo nilipotambua kwamba watu tisa wenye akili timamu hatukuwa na kitu kingine cha kusema! Kimya. Ndege tu. Ilibidi tujifunze upya. Mmoja akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyofanya kazi TAZARA, reli inajengwa. Mwingine akasema hajawahi kupenda mtu. Tulikuwa tumesoma pamoja miaka minne, hatukuwa tunajuana.

Kushuka sasa. Mwenzangu wa Tanga akateleza, kifundo kikapinda. Akakaa chini, analia kwa maumivu, na watu wanane wa udaktari wamemzunguka wanatazamana. Hakuna anayefungua mdomo, kila mtu anahesabu mfukoni. Mwishowe dada mmoja akatoa noti ya elfu moja, akamkabidhi mweka hazina, akasema, "Hii ni ya maneno mawili," akapiga magoti akaanza kubonyeza mfupa. Hapo bwawa likapasuka. Kila mtu na maoni yake, huyu anasema umevunjika, huyu ni kano tu, huyu anataka picha. Faini ikafika shilingi 7,500, tukanunua ndizi za kuchoma na parachichi barabarani, na mgonjwa akala nyingi kuliko wote. Ilikuwa kano.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu, nimalizie, na mwenyewe ameniruhusu niisimulie.

Mwaka wa tano nilikuwa wodi ya wazazi, usiku. Akaletwa mama, mimba ya kwanza, uchungu umekolea. Nikageuka na glavu mkononi, koti jeupe, kadi shingoni. Tukatazamana. Alikuwa msusi wa pili wa Anti, yule wa kiti cha dirishani. Akasahau uchungu. "Makete! Unafanya nini huku?"

Mkunga akamwambia, "Mama, huyo ni daktari." Akajibu, akivuta pumzi, "Daktari gani? Huyu? Huyu ni Makete, hajui hata kushika rasta." Usiku kucha ilikuwa hivyo. Mkunga anamwambia msikilize daktari, yeye anasema, "Makete, nishike mkono. Makete, usiondoke. Makete, we mwongo, umesema bado kidogo." Saa 10 alfajiri akajifungua mtoto wa kike, kilo 3.2, nikaandika namba hiyo nikaisoma mara tatu. Hawakumpa jina langu. Walimpa la bibi yake.

Jumamosi nikaenda saluni nikiwa na hofu. Nilidhani nimepapoteza mahali pangu. Nikaingia, benchi zima likanyamaza, Anti akanitazama kutoka juu mpaka chini. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana unachelewaga. Shika hizi rasta."

Basi la Makete linaondoka kesho saa 4. Kabla ya hapo nina miadi Mwanjelwa, na Anti amesema naweza kuja na wawili, benchi haliingii watatu. Wenye nywele fupi pia mnaruhusiwa, kuna kazi ya kupasia. Nitawangoja Kabwe saa 1 na nusu, muda wa ripoti ya asubuhi.

Sista, nenda kalale. Walimu wangu, ahsanteni. Ndaga fijo. Naona masufuria yamefika, na huo ni mchele wa Kyela, nimeunusa tangu nilipokuwa kwa Halsted.